Mtu wa Tano

Nilipopona, wifi yangu alinishauri ninyamaze. Alisema ule ugonjwa umeshapita na kuuongelea ni kuuita urudi. Nimenyamaza vya kutosha. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo amekaa kwenye benchi la hospitali akisubiri jina lake liitwe, kifua kimembana, na ndugu zake wanabishana pembeni kama apelekwe kwanza kwa mganga au kwenye maombi. Benchi hilo nalijua. Mambo ya virusi na chembe za damu waulize waliosomea. Mimi nitakueleza yaliyoupata mwili wangu na nyumba yangu, na utachukua linalokufaa.

Naitwa Mama Kulwa. Wakati ule tuliishi kwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita, mimi, mume wangu na mapacha wetu, Kulwa na Doto, waliokuwa shule ya msingi. Mume wangu alichimba kwenye duara, yaani shimo ambalo wanaume kadhaa hulichimba kwa ushirika. Mimi nilikuwa karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe. Vumbi la pale ni jeupe na linaingia hadi kwenye kope. Ungeniona jioni ungedhani nimetoka kusaga sembe.

Ndiyo maana kikohozi kilipoanza hakuna aliyeshtuka. Machimboni kila mtu anakohoa, na dawa yetu ya vumbi ni moja: maziwa. Unakunywa maziwa ya ng'ombe asubuhi, mengi, ili yakaoshe kifua. Ukifanya kazi karasha bila kunywa maziwa unaonekana mzembe wa afya yako. Rafiki yangu Mama Limi, tuliyekuwa naye kwenye mashine moja, akawa ananiletea maziwa kwenye chupa ya soda. Mumewe, Ngasa, alikuwa msimamizi wa duara la mume wangu, kwa hiyo tuliishi kama ndugu.

"Kunywa yote, usibakize," alikuwa akiniambia. "Vumbi likishuka utapona."

Nilikunywa maziwa mpaka nikayachukia. Kisha ikaja homa, halafu maumivu ya viungo, halafu asubuhi moja nikakichungulia kitunguu nilichokuwa nakikaanga nikaona kinaungua, wala sikuwa nimesikia harufu yake. Bado tukasema ni vumbi, limeziba pua. Mwaka ule watu wengi nchini walikuwa wanajifukiza, na sisi hatukubaki nyuma. Wifi yangu alichemsha mwarobaini, michaichai na majani ya mlimao, akaniinamisha juu ya sufuria na kunifunika blanketi zito. Sitaisema vibaya nyungu, yaani huko kujifukiza, kwa sababu ilikuwa mkono wa mtu anayenijali. Lakini mtu ambaye tayari hana pumzi, ukimfunika blanketi, unamnyima hata ile kidogo aliyobaki nayo. Nilipiga miguu kama mbuzi anayechinjwa. Mume wangu ndiye aliyelivuta lile blanketi, akaona midomo yangu imebadilika rangi, akaenda kuita bodaboda bila kumuuliza mtu.

Nilikaa katikati, dereva mbele, mume wangu nyuma akinishikilia kiunoni ili nisianguke. Hospitalini tulikuta benchi limejaa na watu wengine wamekaa sakafuni wakiegemea ukuta. Hakuna aliyekuwa akiongea. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kuongea kunataka pumzi. Mume wangu alipoulizwa nina tatizo gani alijibu, "Vumbi la karasha." Daktari alinibana kidole kwa kile kidude chao cha kupimia hewa mwilini, akakitazama, na hakuuliza swali lingine. Niliingizwa ndani nikawekewa oksijeni, na mume wangu akaambiwa abaki nje ya geti. Sikupata hata nafasi ya kumwambia ufunguo wa sanduku la nguo za watoto uko wapi.

Wodini siku hazina majina. Nilizihesabu kwa sauti ya mitungi ya oksijeni ikiburutwa. Mtungi mpya ukiingia, unajua kuna aliyeishiwa. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kutoka Ushirombo, Mkatoliki wa rozari, ambaye alikuwa mgonjwa kuliko mimi na bado alinitunza. Ni yeye aliyeniambia nilale kifudifudi. "Geuka, mwanangu," alisema kwa neno moja moja, "lala kama mtoto anayedeka." Niligeuka, na kweli hewa ikapata njia. Tulipokuwa macho alinyoosha rozari yake hadi kwenye kitanda changu, mimi nikashika upande wa msalaba, yeye akashika upande wa pili. Hatukuwa na pumzi ya kusali kwa sauti. Siku moja mchana nilizinduka nikakuta godoro lake limekunjwa. Nilipomuuliza nesi alisema, "Amehamishwa." Nilimshukuru kwa jibu hilo, na sikuuliza amehamishiwa wapi.

Nilitoka mpunga ukiwa umeanza kuwa wa njano. Daktari aliniambia mbele ya mume wangu, taratibu, kama anayeongea na watoto: mapafu yangu yameumia, na kama ugonjwa ule utanirudia kabla sijapata nguvu, haahidi kitu. Wanaoishi na mimi wajilinde, ili wasiniletee. Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anarudi kwenye duara, kwenye shimo jembamba ambalo wanaume wanapumuliana usoni kutwa nzima. Sote watatu tulilijua hilo.

Kwetu mke akiugua sana hurudishwa kwao auguzwe. Nikapelekwa Didia kwa mama yangu, kupitia Kahama, kichwa changu kikiwa dirishani njia nzima. Watoto walibaki na wifi. Baba yangu alishafariki, kaka zangu wanaishi mbali, na mji ule unaongozwa na mama.

Mama alinipokea bila machozi. Alinitazama nilivyokonda, akasema, "Mayu, mwanangu, hata kivuli chako kimepungua," akaingia jikoni. Kwa miezi ile yote alinilisha kama ndege: uji, matobolwa, yaani viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, mchuzi wa kuku wa kienyeji. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, na yeye hakuniuliza. Nywele zangu zilitoka kwa mafungu. Alizikusanya kila asubuhi kwenye mkeka na kwenda kuzifukia, kwa sababu nywele za mtu hazitupwi ovyo. Kutoka kitandani hadi chooni nilipumzika mara mbili, nimeshika ukuta. Nilikuwa mwanamke wa kubeba gunia la mawe, na sasa kikombe cha chai kilinitetemesha mkono. Nililia zaidi kwa ajili ya kikombe kile kuliko nilivyolia hospitalini.

Mume wangu alipiga simu kila alipopanda juu kutoka duarani. Watoto nao walipewa simu. Doto alikuwa anauliza, "Mama unarudi lini?" na Kulwa alikuwa ananyamaza tu, nasikia anapumua. Nilikuwa nataka kurudi kwangu kuliko nilivyotaka kupona.

Mpunga ulivunwa, ukapurwa, na kiangazi kikaingia na vumbi lake. Hapo ndipo gari la matangazo lilipopita Didia na spika juu, likisema chanjo ya corona imefika, ni ya hiari, ni bure, watu wazima waende zahanati. Ndani ya wiki moja nilisikia mambo ambayo sijawahi kusikia maisha yangu yote. Ukichanjwa unakufa baada ya miaka miwili. Ukichanjwa huzai. Ukiweka balbu kwenye bega lililochanjwa inawaka. Wanaume waliambizana kwa sauti ya chini kwamba inamaliza nguvu za kiume, na nadhani hiyo ndiyo iliyowazuia kuliko zile nyingine zote. Mama yangu naye hakuwa nyuma. "Ni sindano ya kutumaliza wazee," aliwaambia jirani zake kisimani, "ili wasigawe tena pesa za wazee." Sijui hizo pesa alikuwa anazipata wapi, maana mimi sijawahi kuziona.

Basi mume wangu akaja kunichukua. Hapa lazima nieleze jambo moja kwa asiyetoka Usukumani. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mwenzake apite. Miaka yote ya ndoa yetu mume wangu alikuwa hajawahi kuongea moja kwa moja na mama yangu, wala mama naye. Si ugomvi. Ni heshima, na wanaipenda.

Kwa hiyo mume wangu alikaa kwenye kigoda nyuma ya ghala. Mama alikuwa jikoni akikoroga mboga. Mimi niliwekwa katikati, kizingitini, niwapelekee maneno. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, lakini neno lazima lipite kwangu ndipo lihesabike kuwa limesemwa.

"Mwambie mama nimekuja kumchukua mke wangu," alisema mume wangu. "Watoto wamechoka kumsubiri."

"Mama, anasema amekuja kunichukua, watoto wamechoka."

"Mwambie nimefurahi," alisema mama. "Mwambie mke wake atatoka hapa siku yeye atakapochanjwa."

Nilimgeukia kwa mshangao. Yule aliyekuwa akiwatisha wenzake kisimani! Lakini alikuwa amekaa nami tangu masika, alikuwa amenisikia nikitafuta pumzi, na maneno ya daktari nilikuwa nimemweleza. Nikayapeleka.

Kisha mume wangu akasema, "Mwambie mama mwili wangu umetengenezwa."

Nalo hili lieleweke. Wachimbaji wengi hawashuki bila kinga. Lile duara lilikuwa na mganga wake, na kila mwanaume alikuwa amechanjwa chale mikononi na kupakwa dawa ya kuita dhahabu. Mwiko wake ulikuwa kwamba chuma cha mtu mwingine, hata sindano, kisiingie mwilini mpaka msimu wa dawa uishe. Mume wangu hata akiugua malaria alikuwa anaomba vidonge tu. Mmoja akivunja mwiko, dhahabu inawakimbia wote, ndivyo walivyoamini, na Ngasa alikuwa mkali kwa hilo.

Niliyasema yote hayo kwa mama, nikakohoa katikati, nikapumzika. Wote wawili walisubiri kwa adabu mpaka nipate pumzi ya kuendelea. Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

"Mwambie," alisema mama, "dhahabu haijawahi kumpikia uji mgonjwa."

"Anasema dhahabu haijawahi..."

"Nimesikia," alisema mume wangu, akajirekebisha haraka. "Muulize mama, yeye ameshachanjwa?"

Swali hilo sikulipeleka. Lilikuwa kali mno kwa mkwe. Lakini mwiko wa kukorogea ulikuwa umeshasimama ndani ya chungu. Niliuona mkono wa mama yangu ukiwa umeganda, na nikajua anaogopa, anaogopa kweli, kama mtoto. Kisha akauchomoa mwiko, akaupangusa ukingoni.

"Mwambie kesho nitakwenda."

"Mwambie akienda mama," alijibu mume wangu, "na mimi nitakwenda." Aliyasema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba bibi kizee hatakwenda. Alikwenda kulala kwa katekista, jirani yetu.

Asubuhi mama alivaa kitenge chake cha Jumapili. Zahanati haikuwa mbali kwa mtu mzima wa afya, lakini kwangu ilikuwa safari. Nilikaa kwenye kila jiwe lililonipokea. Nilipogeuka nyuma nilimwona mume wangu akija kwa mbali, na kila tuliposimama naye alisimama akajifanya anaangalia ng'ombe wa watu. Ahadi ni deni, na yeye si mtu wa kukimbia neno lake, lakini alikuwa anatembea kama anayepelekwa kituo cha polisi.

Chumba cha chanjo kilikuwa kimoja, chenye mlango mmoja. Ndani tulimkuta katekista na mke wake wamekaa. Nesi, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alimwamkia mama, "Shikamoo bibi," akatukalisha. Kisha akatueleza jambo ambalo hatukulitegemea. Chupa moja ya dawa ni ya watu watano. Ikishafunguliwa inatakiwa iishe ndani ya muda mfupi, la sivyo inamwagwa. Hawezi kuifungua kwa watu wanne, na sisi, mimi nikiwamo, tulikuwa wanne.

"Tusubiri wa tano," alisema. "Akikosekana leo, mtarudi wiki ijayo."

"Mimi sirudi," alisema mama. "Ujasiri wangu ni wa leo."

Tulisubiri. Watu walipita barabarani, wakatuchungulia, wakatucheka, wakaenda zao. Mwanamke mmoja alimpungia mama mkono wa kwaheri, kama anayemuaga marehemu. Mama alikuwa anazungusha pindo la kitenge kidoleni, anakunjua, anazungusha tena. Nikaona ujasiri wake unamwishia mbele ya macho yangu. Nikainuka nikatoka.

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye uzio wa minyaa.

"Amepungua mmoja tu," nikamwambia. "Ukiingia wewe, chupa inafunguliwa."

"Mama yumo?"

"Yumo."

"Sasa nitaingiaje, Mama Kulwa? Chumba kimoja? Nikavue shati mbele ya mkwe?"

Ni kweli lilikuwa jambo zito, na siku nyingine ningemwonea huruma. Lakini tumeishi wote muda mrefu, namjua. "Baba Kulwa," nikamwambia, "unajificha nyuma ya mama yangu. Unachoogopa ni Ngasa."

Hakukasirika. Alizitazama chale zake, akazipitisha kidole moja baada ya nyingine. "Akijua atanitoa duarani," alisema. "Na lile duara ndilo shamba letu. Hatuna lingine."

"Najua."

"Na wewe ukipona tutakula nini?"

Pumzi ilikuwa imeisha, nikashika uzio, nikainama. Nadhani nilikaa hivyo zaidi kuliko nilivyofikiri, kwa sababu nilisikia anasema, "Mke wangu, kaa chini, kaa chini," na sauti yake imebadilika. Dirisha la chumba kile lilikuwa wazi na liko karibu na uzio. Mama alikuwa amesikia kila kitu.

Nilisikia kigoda kikiburutwa. Nilipoinua kichwa nilimwona kupitia dirishani. Alikuwa amekigeuza kigoda, amekaa ameuelekea ukuta, na kitenge chake amekivuta mpaka kikamfunika kichwa chote na uso. Akasema kwa sauti kubwa, bila kunituma mimi, bila kumtuma mtu yeyote:

"Pita, baba. Sikuoni."

Katekista alishusha macho. Mke wake alijiziba mdomo kwa kanga. Mume wangu alisimama kama aliyepigwa kibao. Kisha akavua kofia, akaingia kwa ubavu, mgongo ukiwa umegusa ukuta wa upande wa pili, macho sakafuni, akakaa na kuvua shati. Nesi alifungua chupa. Aliziona chale, akazipita, akapangusa bega. Mume wangu alifumba macho mpaka mashavu yakakunjamana. Ikaisha, akatoka kama alivyoingia, na alipofika nje ya minyaa ndipo akavaa shati.

"Tayari?" aliuliza mama akiwa bado ndani ya kitenge.

"Tayari bibi."

"Haya. Zamu yangu, kabla sijajiuliza."

Baada yake tukachanjwa mimi, katekista na mke wake. Jioni ile mama alipata homa, na habari zikaenea haraka. Asubuhi uani kwetu palijaa majirani waliokuja "kumjulia hali." Mmoja wao alikuwa na balbu ndani ya kanga. Aliitoa akaomba, kwa heshima zote, aiguse bega la mama.

"Weka," alisema mama. "Ikiwaka niachieni, sola yangu imekufa."

Haikuwaka. Mama alikunywa chai, akachukua jembe lake akaenda kwenye bustani ya mchicha, na waliokuja kumwona anakufa walirudi nyumbani. Sitakudanganya kwamba kijiji kizima kilikimbilia zahanati. Baadhi walikwenda wiki iliyofuata, wakitafutana wenyewe kwa wenyewe ili watimie watano. Wengine walisema wasubiri miaka miwili ya mama iishe. Mpaka leo anawasalimia kwa kuwauliza imebaki mingapi.

Mume wangu alinirudisha kwangu. Kulwa na Doto walinishika mguu huu na huu, nikashindwa kutembea, na sikutaka kutembea.

Ngasa alijua kabla hatujamaliza mwezi. Mwamba wa duara ulikuwa umebadilika, mawe yenye dhahabu yakapotea, na wakatafuta nani amevunja mwiko. Mume wangu hakukana. Walimtoa. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimwambia tu asishuke tena. Alikuja karasha kubeba mawe ya watu wengine, mtu aliyekuwa na shimo lake, na jioni alikuwa anakaa mlangoni bila kuongea. Kuna siku aliniangalia nikajua anahesabu alichokipoteza, na kwamba mimi nimo kwenye hesabu hiyo. Iliniuma sana. Mama Limi naye akaacha kunisalimia. Nilipopata nguvu nikarudi kazini, tulisaga mawe mashine moja, mabega yanagusana, bila neno.

Mvua za mwisho wa mwaka zilileta wimbi jingine. Halikupita mbali na sisi. Mume wangu alianza kukohoa, akalala, akatokwa jasho, akaamka akaomba ugali. Halafu nikaanza mimi. Ile homa niliitambua ilipogusa mgongo tu. Nilifunga nguo za watoto kwenye mfuko, nikamwonyesha mume wangu ufunguo wa sanduku, nikamwambia nguo zangu nzuri ampe mama. Sijawahi kuogopa vile, hata mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza sikujua ninakokwenda.

Hospitali ile ile, benchi lile lile. Daktari alinibana kidole, akasubiri, akatazama. Akakibana tena cha mkono mwingine. Kisha akasema, "Mama, hewa yako inatosha. Rudi nyumbani ukapumzike. Ukiona pumzi inabana, uje haraka." Sikuinuka. Nilimwomba arudie. Aliporudia nilianza kulia mbele za watu, na mume wangu ndiye aliyenitoa nje akinishika kwapani.

Kwenye benchi la barazani, karibu na mlango wa wodi, alikuwa amekaa Mama Limi. Alikuwa ameshika viatu vya kiume mapajani. Nilimtuma mume wangu akatafute bodaboda, nikakaa.

"Ngasa?" nikauliza.

"Yuko ndani," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kunijibu tangu wamtoe mume wangu. "Tulisema vumbi. Nimempa maziwa mengi sana, Mama Kulwa."

Nilimshika mkono. Hakuuondoa. Tulikaa tukisikiliza mtungi ukiburutwa huko ndani.

"Alikuwa ameanza kusema atakwenda kuchanjwa," alisema baadaye. "Kimyakimya, wenzake wasijue. Alisema mvua ikipungua." Akavipangusa vile viatu kwa kiganja, japo havikuwa na kitu. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Ile sindano ilimuuma sana Baba Kulwa?"

"Mkono ulimuuma," nikasema. "Siku mbili."

Mlango wa wodi ukafunguliwa, nesi akauliza ndugu wa Ngasa ni nani. Mama Limi hakuinuka. Alikuwa amenigeukia, ananitazama usoni.

"Siku mbili tu?" akaniuliza.